Namna ya kufuatilia majira kwenye bustani ya mimea ya mjini

Anza na mimea kumi, usizidishe. Bustani ya mimea ya jiji huwa na mamia au maelfu ya spishi, na kosa linalowaangusha wengi ni kutaka kuziandika zote. Kufikia wiki ya tatu daftari limelala. Mimea kumi iliyo kando ya njia moja, mwendo wa saa moja na nusu pamoja na kusimama, inatosha kukuonyesha majira yanavyoingia na yanavyotoka, ilimradi uirudie ile ile kila wiki kwa mwaka mzima.

Ichague kwa kuchanganya. Chukua miti miwili inayopukutisha majani. Ongeza mmoja wa kijani daima, kwa sababu huo nao hubadili majani, ila kimyakimya: mwembe, kwa mfano, hutoa kwa mkupuo majani machanga ya rangi ya shaba, malegevu kama kitambaa kilicholowa, na baada ya wiki chache hukakamaa na kuwa ya kijani. Weka vichaka viwili vyenye mbochi nyingi (maji matamu ya ndani ya ua), mti mmoja ambao matunda yake huliwa na ndege (mkuyu wa aina yoyote unafaa kuliko yote, na sababu iko huko mbele), mimea miwili ya tunguu inayochomoza ardhini na kutoweka tena, mmoja wa majini, na mmoja wa ndani ya nyumba ya vioo kama ipo. Matuta ya maua karibu na lango yaache. Mimea ile huletwa kutoka kitaluni ikiwa imeshachanua, kwa hiyo tarehe yake inakuonyesha ratiba ya watunza bustani tu.

Soma kibao chote

Kitu kinachoitofautisha bustani ya mimea na msitu au bustani ya kawaida ya kupumzikia ni kibao. Jina la kisayansi huanza na jenasi kwa herufi kubwa, kisha spishi kwa herufi ndogo. Neno lililo ndani ya alama moja moja za nukuu ni jina la aina iliyochaguliwa na kuzalishwa na watu. Huwa kuna familia na mara nyingi eneo la asili. Halafu, pembeni, kuna namba ndogo ambayo wageni wengi huipita: namba ya usajili. Bustani nyingi huianza kwa mwaka. Namba kama 1998-0345-B ingesomeka hivi: ingizo la 345 la mwaka 1998, na herufi B ni mmea wa pili kati ya ile iliyotokana na ingizo hilo. Nakili namba nzima. Ukiandika jina la spishi peke yake, na bustani ina miti mitano ya spishi hiyo, mwakani hutajua ulikuwa unauangalia upi, na kazi ya mwaka mzima itakuwa imepotea.

Usikiamini kibao moja kwa moja. Mashine ya kukata nyasi hukigonga, udongo hukifunika, mtu mwenye nia njema hukiokota na kukichomeka kwenye shina jirani. Linganisha majani na yale ya mmea mwingine wenye jina lilelile, na usiporidhika muulize mtunza bustani kabla ya kuanza.

Ukishaujua mmea wako, andika mara moja tu mambo manne kuhusu mahali ulipo: uko umbali gani kutoka kwenye taa ya usiku iliyo karibu, uko umbali gani kutoka ukutani na ukuta huo unapigwa na jua la wakati gani, unamwagiliwa maji au hapana, na chini yake kuna udongo wazi au sakafu. Mjini mambo haya yana nguvu. Lami na saruji hunyonya joto mchana na kuliachia usiku, kwa hiyo miti ya mjini mara nyingi huchipua siku kadhaa kabla ya wenzake wa nje ya jiji, na ulioegemea ukuta unaopata jua huweza kuwatangulia hata wa bustani hiyo hiyo. Taa nayo hudanganya. Tawi lililo usoni pa taa huweza kubaki na majani wakati mti mzima umeshapukutika. *Euphorbia pulcherrima*, ile yenye majani mekundu ambayo watu huyaita maua, huhitaji usiku mrefu usiokatizwa na mwanga, saa 12 au zaidi, kwa wiki nyingi mfululizo. Ikiwa chini ya taa hubaki kijani, na mtu huilaumu mbolea bure. Maua yake ya kweli ni zile punje za manjano zilizo katikati.

Andika hatua

“Umechanua” ni neno zuri kwenye mazungumzo, ila kwenye daftari halina maana. Ua moja limefunguka, au mti umejaa? Wataalamu hutumia mfumo uitwao BBCH, wenye hatua kuu kumi zenye namba 0 hadi 9, kuanzia jicho kuvimba hadi mmea kupumzika. Huna haja ya kuzishika zote. Kwa kuanzia shika hizi: 10 ni majani ya kwanza kujitenga, 60 ni ua la kwanza kufunguka, 61 ni asilimia 10 ya maua kufunguka, 65 ni asilimia 50, na 69 ni mwisho wa kuchanua. Za matunda zinaanza na 7, za kuiva na 8, za majani kugeuka rangi na kuanguka na 9.

Ua limefunguka pale unapoweza kuona stameni (vijiti vyenye chavua) ndani yake bila kuligusa. Tumba lililoonyesha rangi bado ni tumba. Weka kanuni hii ukurasa wa kwanza, kwa maandishi, kwa sababu baada ya miezi sita utajikuta umelegea bila kujua.

Asilimia usizikisie kwa kuutazama mti mzima kwa mbali. Jicho hupenda rangi, na mti wenye robo ya maua huonekana umejaa. Chagua matawi matatu unayoyafikia kwa macho: moja upande wa jua la asubuhi, moja upande wa jua la jioni, moja katikati. Hesabu matumba na maua kwenye kila tawi. Tawi lenye matumba 40 likiwa na maua 4 yaliyofunguka limefika 61. Yakiwa 20, limefika 65. Chukua wastani wa matawi matatu. Usifunge uzi wala utepe kwenye tawi bila ruhusa. Mchoro mdogo daftarini, “tawi la tatu kutoka chini, limepinda kulia”, unatosha.

Nenda mara moja kwa wiki, siku ile ile, na matumba yakianza kuvimba nenda mara mbili. Kama tarehe 4 hakukuwa na ua na tarehe 7 ukalikuta, andika “kati ya tarehe 4 na 7”. Usijaze tarehe 6 kwa sababu inapendeza. Na kila unapopita ukakuta hakuna kitu, andika sifuri. Kisanduku kitupu kinaweza kumaanisha hukuona, hukwenda, au ulisahau. Sifuri ina maana moja.

Rekodi zinazotumika hadi leo zilijengwa hivyo hivyo. Tarehe za micheri kuchanua huko Kyoto zinarudi nyuma hadi mwaka 812, na kinachoandikwa ni siku maua yalipojaa. Kwa sababu hiyo iliwezekana kusema kwa uhakika kwamba tarehe 26 Machi 2021 ilikuwa ya mapema kuliko zote zilizokuwa zimeandikwa hadi wakati huo, katika miaka ipatayo 1,200. Nchini Uingereza, Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika dalili za majira kwenye shamba lake, na familia yake ikaendelea hadi 1958.

Kinachouamsha mmea

Ukijua kichocheo utajua siku za kwenda. Sehemu zenye baridi kali, joto lililokusanyika ndilo linalosukuma majani na maua. Lihesabu hivi: chukua joto la juu na la chini la siku, tafuta wastani, toa kizingiti, yaani joto ambalo chini yake mmea haukui (mara nyingi nyuzi 5 au 10 za Selsiasi), na ukipata hasi andika sifuri. Siku yenye nyuzi 22 mchana na 12 usiku ina wastani wa 17. Ukitoa 10 unabaki na 7. Jumlisha siku hadi siku. Baada ya miaka miwili au mitatu utaona mti wako unafunguka karibu na jumla ile ile, hata tarehe ikihama. Ila mitofaa na jamaa zake huhitaji kwanza saa nyingi za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi. Baridi ikipungua, huchanua kwa mafungu: tawi hili leo, lile baada ya wiki mbili, na matunda machache. Ukiliona hilo usidhani ni ugonjwa. Angalia majira ya baridi yalikuwaje.

Sehemu za joto, maji ndiyo hutawala. Matumba ya mkahawa husinzia wakati wa ukavu, kisha mvua nzuri ya kwanza huyaamsha yote kwa pamoja. Siku 7 hadi 12 baadaye matawi huwa meupe pe, na baada ya siku mbili tatu yote yamenyauka. Kwa mmea kama huo ziara ya kila wiki inaweza kukosa kila kitu, kwa hiyo andika tarehe ya mvua na urudi siku ya saba, ya tisa na ya kumi na moja. Zephyranthes, yale maua ya tunguu yanayochomoza nyasini, hujibu mvua kubwa ndani ya siku chache tu. Jakaranda na miti ya jenasi Erythrina mara nyingi huchanua ikiwa haina majani, au imebaki na machache, na ndipo ndege hupata njia wazi ya kuyafikia maua. Kumbuka kwamba mpira wa kumwagilia ni mvua pia. Muulize mtunza bustani ulifunguliwa lini.

Mginko unastahili neno lake. Hugeuka manjano taratibu, halafu baada ya baridi kali ya kwanza huweza kuangusha karibu majani yote kwa siku moja. Ukiwa na mginko kwenye orodha, fuatilia utabiri wa baridi usiku na uwepo asubuhi yake. Kuna mti wa kiume na wa kike. Wa kike utaujua kwa mbegu zake zenye nyama laini inayonuka siagi iliyochacha.

Maua ya usiku

Bustani nyingi hufungwa jioni, na hapo hupotea nusu ya mambo. Tafuta siku za kufungua usiku, au omba kibali.

Yungiyungi kubwa la Amazon, *Victoria amazonica*, ndilo la kuanza nalo. Jioni ya kwanza ua hufunguka likiwa jeupe, lina harufu ya tunda, na ndani yake ni joto kuliko hewa iliyolizunguka. Wakati huo liko katika hatua ya kike. Huko kwao Amazon, mbawakawa huvutwa na harufu na joto, huingia, na ua hujifunga likiwa nao ndani. Hukaa humo usiku na mchana wake. Jioni ya pili ua hufunguka tena, sasa ni la waridi, limeingia hatua ya kiume na linamwaga chavua. Mbawakawa hutoka wakiwa wamepakwa na kwenda kutafuta ua jingine jeupe. Baada ya hapo ua huzama. Katika nyumba za vioo mbawakawa hao hawapo, hivyo anayetaka mbegu huhamisha chavua kwa mkono, kutoka ua la jioni ya pili kwenda la jioni ya kwanza. Ukikosea mpangilio hakuna mbegu. Kwenye daftari andika rangi na saa, usiandike “limechanua” tu: nyeupe ni usiku wa kwanza, waridi ni wa pili.

Mbuyu nao hufungua maua yake jua linapozama, meupe, yananing'inia, na popo walao matunda ndio wageni wake wakuu. Kesho yake ua limeshageuka kahawia na kuanguka. Anayepita saa nne asubuhi atahesabu yaliyoanguka chini, na hiyo ni hesabu nzuri pia: maua yaliyodondoka leo ndiyo yaliyofunguka usiku wa jana.

Wadudu

Funga uzi wa mita 2 uwe duara, tia alama kila sentimita 50, uvute uwe mraba. Utandaze juu ya maua yaliyo ukingoni mwa njia, bila kukanyaga tuta. Hesabu maua yaliyomo ndani, kisha kwa dakika 10 hesabu kila mdudu anayetua juu ya maua hayo. Anayepita juu bila kutua hahesabiwi. Chagua saa yenye jua na upepo mdogo, na andika vyote viwili. Kosa la kawaida ni kumwita kila chenye mistari nyuki. Inzi wa maua ana mabawa mawili, vipapasio vifupi sana na macho makubwa yanayojaza uso, na huweza kusimama hewani mahali pamoja. Nyuki ana mabawa manne na vipapasio virefu vilivyopinda. Usipoweza kutofautisha, andika “hajulikani”. Hiyo ni rekodi halali.

Kwa vipepeo tembea polepole, ukihesabu walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yako, na usirudi nyuma kumfuata aliyepita. Njia hii imetumika Uingereza tangu miaka ya 1970. Kule huhesabu kati ya saa 4:45 asubuhi na saa 9:45 alasiri, kukiwa na jua la kutosha na nyuzi 13 au zaidi, au nyuzi zaidi ya 17 hata kukiwa na mawingu, mvua ikiwa haipo. Penye joto kali anza mapema, kabla jua halijawasukuma vivulini. Tazama pia chini ya majani: kiwavi anakuambia kwamba kipepeo anazaliana hapo.

Kereng'ende ni vivyo hivyo. Anayeruka juu ya bwawa anaweza kuwa mpita njia. Tafuta ganda. Asubuhi, chunguza mashina ya matete sentimita 10 hadi 50 juu ya maji, utaona ngozi tupu ya kahawia iliyong'ang'ania kwa miguu sita, mgongo umepasuka, na kwenye mpasuko zinaning'inia nyuzi nyeupe nyembamba. Nyuzi hizo ni ngozi ya ndani ya mirija yake ya hewa. Ganda moja ni ushahidi mzito kuliko kereng'ende ishirini hewani. Piga picha na uliache. Likinyeshewa litadondoka lenyewe.

Ndege, popo na mkuyu

Fika ndani ya saa tatu baada ya jua kuchomoza. Simama mahali pamoja, tulia dakika 2 ili ndege wakuzoee, kisha hesabu kwa dakika 10 wote unaowaona au kuwasikia ndani ya mita 50. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42) inatosha. Usipige sauti za ndege kwa simu ili waje: dume huacha kula na kukodoa macho kumtafuta mshindani asiyekuwepo. Ukiona ndege amebeba nyasi au chakula mdomoni, andika tukio, endelea kutembea, wala usimfuate hadi kiotani.

Kwa ndege wahamaji kama mbayuwayu, watu hukumbuka kuandika siku ya kwanza kumwona. Siku ya mwisho ina thamani hiyo hiyo, na ni ngumu zaidi, kwa sababu huijui mpaka ziara mbili au tatu baadaye zimekuwa sifuri. Hapo ndipo zile sifuri zinapolipa.

Sasa mkuyu. Ua la mkuyu liko ndani ya kuyu lenyewe, na karibu kila spishi ina nyigu wake mdogo anayeingia kupitia tundu la kitako ili kulichavusha. Nyigu mzima anaishi siku moja au mbili tu, kwa hiyo ni lazima wakati wowote pawepo mkuyu mahali fulani wenye makuyu ya kumpokea. Ndiyo maana mikuyu ya spishi moja mara nyingi haizai kwa pamoja, na mmoja unaweza kuiva wakati matunda mengine yote yamekwisha. Siku hizo simama chini yake dakika 15 asubuhi uhesabu ndege, kisha urudi nusu saa baada ya jua kuzama uhesabu popo. Ukiruhusiwa kuokota kuyu lililoanguka, lipasue kwa wembe na ulitazame kwa kioo cha kukuzia cha mara 10: shikilia kioo karibu kabisa na jicho, ndipo ulete kuyu mpaka lionekane wazi. Ukiona vitundu vidogo kwenye ukuta wa kuyu, nyigu wameshatoka. Bustani iliyo mbali na nyigu wa spishi hiyo haitapata mbegu zinazoota kwenye mkuyu huo.

Picha na kumbukumbu

Piga kibao kwanza, kila mara, ndipo mmea mzima, jani juu na chini, ua mbele na ubavuni, tunda, gome. Ukianza na ua utarudi nyumbani na picha mia zisizo na jina. Ukipandisha kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu huweka rekodi za viumbe walivyoviona, weka alama kwamba mmea wa bustani umepandwa na si wa porini. Wengi hulisahau hili na kuharibu ramani za spishi. Kipepeo aliyetua juu yake alikuja mwenyewe, kwa hiyo mwandikie rekodi yake peke yake kama wa porini.

Usichume, usionje. Mwoleanda, mbarika na datura vyote vina sumu kali, na bustani ya mimea hukusanya vitu kama hivyo kwa wingi. Tarehe za kupogoa na kupulizia dawa ziulize na uziandike pembeni. Bila hizo, sifuri ya wadudu wiki ile itakuhangaisha mwaka mzima.

Mmea wako ukifa au ukikatwa, chagua mwingine, ikiwezekana wenye namba ya ingizo lilelile na herufi tofauti, na uufungulie mstari mpya. Usiendeleze mstari wa zamani. Miti miwili ya spishi moja inaweza kupishana siku kadhaa kwa sababu ya kurithi tu, na ndiyo sababu mtandao wa bustani za fenolojia (ufuatiliaji wa tarehe za majira kwa viumbe) wa Ulaya, ulioanzishwa mwaka 1957, hupanda vipandikizi vya mzazi mmoja katika bustani zake zote. Mwisho wa mwaka, nakala ya jedwali lako ipeleke kwa wanaotunza kumbukumbu za bustani, safu ya kwanza ikiwa namba za usajili, maana kwa namba hizo ndipo wataweza kuiunganisha na mafaili yao.